Nilikwepa Kuandika Jina la Baba Mkwe, Programu Ikagoma Ghalani

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nisaidie kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo wanachama wa AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima wa kokoa, watapiga kura, na wakipiga kama wanavyosema sasa, kazi ya miaka minne ya baba mkwe wangu itafutwa kwenye kompyuta ya ghala, na kosa nadhani ni langu, ila sijamwambia mtu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari hapa Kyela, nimeolewa kwenye ukoo wa Kinyakyusa unaoshika desturi, na mimi mwenyewe ni Mnyakyusa kwa hiyo sikuja kushangaa, nilikulia Ngana nikimwona mama yangu akitoka njiani na kujificha kwenye migomba kila babu alipopita. Siku hizi hatujifichi migombani, lakini nyumbani kwetu bado mkwe haingii chumba alichokaa baba mkwe, hampi mkono, jina lake halitamki, na mimi hata kuliandika sijawahi, kwenye fomu za shule za watoto jina la babu hujaza mume wangu. Wala silalamiki, ni heshima niliyolelewa nayo na ninaipenda.

Baba mkwe alikuwa fundi wa mizani serikalini, akastaafu, na badala ya kukaa kibarazani kuhesabu wapita njia akanunua kitabu cha lugha ya C++ akajifunza peke yake, na miaka yake sitini na moja, mpaka akatengeneza programu inayosoma mizani na kipima unyevu cha ghala, mkulima akileta kokoa mashine inapima yenyewe, hakuna tena mtu wa kuuma punje kwa meno na kusema hii kavu, hii mbichi, kulingana na sura ya mwenye gunia. Kisha akawaza kwamba kanuni za madaraja hubadilika kila msimu na yeye hataishi milele, kwa hiyo akaiingiza lugha ya Python ndani ya programu yake, ili kanuni ziandikwe pembeni kwenye mafaili madogo, moduli, ambazo mtu mwingine anaweza kuzibadilisha bila kugusa kazi yake. Akamtuma mume wangu kwangu, "Mwambie mama Tumpale nimemwachia chumba chake ndani ya programu. Apike atakacho, mimi siingii."

Mshauri, nililia. Nimeolewa miaka sita na hayo ndiyo maneno mengi zaidi aliyowahi kunitumia.

Tukafanya kazi hivyo misimu miwili, yeye sebuleni, mimi chumba cha nyuma, na Hezroni mume wangu katikati akibeba karatasi, kwa sababu kubeba maneno alikataa siku ya kwanza. Yeye anafanya biashara ya mchele mpakani Kasumulu, akasema, "Mimi navusha mchele, sivushi lugha yenu hiyo. Andikeni." Tukawa tunaandika.

Mwaka huu AMCOS ikanunua kompyuta mpya. Baba mkwe akaweka programu ndani ya folda aliyoipa jina lake kamili, majina yote matatu, akaniandikia kwamba kwenye faili la mipangilio niandike njia nzima ya kufikia folda yangu ya kanuni, tangu mwanzo wa diski. Hiyo njia nzima inapita kwenye jina lake. Nilikaa na ile karatasi siku mbili, mkono ukakataa. Nikaandika nukta moja tu, ambayo kwa kompyuta maana yake ni "hapa hapa nilipo", nikajaribu kwenye laptop yangu ikafanya kazi mara ya kwanza, ya pili, ya kumi, nikampa Hezroni hilo faili kwenye flashi akalihamishie ghalani.

Siku ya majaribio kamati nzima ilikuwepo, baba mkwe amekaa mbele ya kompyuta, katibu wetu Ambrose pembeni yake ameshika kipanya, kwa hiyo mimi nilisimama nje, pembeni ya dirisha, nasikiliza. Gunia la kwanza lilikuwa la bibi mmoja wa Ngana, anaitwa Tulinagwe. Mizani ikasoma vizuri. Kisha, ilipofika zamu ya moduli yangu niliyoiita daraja, ikatokea sentensi nyekundu, na Ambrose akaisoma kwa sauti, "Moduli daraja haikupatikana."

"Ifunge, uifungue tena," baba mkwe akasema.

Ikafunguliwa, sentensi ikarudi ile ile.

"Mzee," Ambrose akasema, "na programu nayo imestaafu?"

Watu wakacheka. Bibi Tulinagwe akasema, "Basi ning'atieni hiyo kokoa niende, jua limepanda," wakacheka zaidi. Kisha nikamsikia baba mkwe akisema polepole, "Labda nimekosea mimi. Macho yangu haya yameisha." Nami niko pale dirishani, nina mdomo, nikanyamaza.

Tangu siku hiyo nimekwenda ghalani mara nne wakati yeye hayupo. Nimeondoa Python na kuiweka upya mara tatu, nimenakili moduli yangu kila folda ninayoiona, na ajabu ni kwamba nikiendesha faili langu peke yake kwenye kompyuta ile ile linafanya kazi bila kosa, lakini programu ikiliita inasema halipo. Ambrose ameshapata kampuni ya mjini yenye programu yao iliyofungwa, kanuni hakuna anayeziona. Na baba mkwe ameifunika laptop yake kitambaa cha meza, Hezroni anasema haulizi tena habari za ghala.

Sasa nifanye nini, nivunje desturi niingie sebuleni nikae naye tutafute kosa pamoja, au niachane na programu yake niandike yote upya mimi mwenyewe kwa Python, au ninyamaze tu, maana pengine ile nukta siyo sababu? Ndaga fijo, asante sana, hata kwa kunisoma.

Mkwe, Kyela

JIBU

Marahaba, mkwe. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa ajili ya kompyuta na ya pili kwa raha zangu. Sijaona nyumba yako wala ghala lenu, lakini nawaambia wasomaji wa ukurasa huu kwamba kazi iliyofanywa na hawa watu wawili wasiokaa chumba kimoja ni bora kuliko nyingi nilizoona zikifanywa na watu wanaoshinda pamoja mchana kutwa.

Kwanza nataka nigombane na watu, ndipo nirudi kwako.

Kuna watakaoniandikia kwamba tatizo ni desturi, kwamba mwanamke msomi wa leo anamkimbiaje mkwewe, na kwamba kompyuta na mila haviivi chungu kimoja. Nawajua. Nimesoma vitabu vya waliokuja kuandika habari za wakwe wa Kinyakyusa kama mtu anayeandika tabia za ndege wa ziwani, na wajukuu wao wa fikra tunao humu humu mjini. Nawauliza, nani kati yenu, akiwa amestaafu, amejifunza C++ peke yake ili bibi wa Ngana asipimiwe jasho lake kwa meno ya mtu? Na nani, baada ya kuijua, amekuwa na adabu ya kumwachia mwenzake nafasi ndani ya kazi yake na kuahidi kwamba haingii? Mafundi wengi ninaowafahamu hufunga kila mlango ili waitwe wao tu mpaka wafe. Huyu mzee ameweka lugha nyepesi ndani ya lugha ngumu ili kanuni za wakulima zibaki mikononi mwa anayeishi na wakulima. Hata kama isingefanya kazi siku moja, ningemvulia kofia.

Sasa wewe.

Nukta yako ndiyo sababu. Sijaiona mashine, lakini kwa maelezo yako nina hakika tisa kwa kumi, na ile moja iliyobaki utaimaliza mwenyewe kwa dakika tano. Nukta husema "hapa", na "hapa" ya kompyuta siyo mahali faili lako lilipolala, ni mahali programu ilipofunguliwa. Kwenye laptop yako naweka dau kwamba ulifungua dirisha la amri ndani ya folda yako ya kanuni na kuiita programu kutoka humo. "Hapa" ikawa kwako. Ghalani Ambrose anabonyeza alama iliyoko kwenye uso wa kompyuta. "Hapa" ikawa kwingine, ambako moduli yako haijawahi kukanyaga, hata kwa nakala zako zote. Nenda ghalani, ingia kwenye folda ya kanuni kwa kubonyeza kipanya, hutatamka jina la mtu wala kuliandika, fungua dirisha la amri humo humo, iburute programu ndani ya dirisha hilo, iendeshe. Ikikubali, umempata mwizi.

Kuondoa Python na kuiweka upya mara tatu kulikuwa jasho la bure. Python uliyokuwa ukiiweka ni ile ya kompyuta. Programu ya mzee ina Python yake tumboni, na hiyo haikujua kama uliingia ghalani. Hata kule kuona faili lako likiendeshwa peke yake linafanya kazi si ushahidi. Faili likianzishwa lenyewe, Python huiongeza folda yake kwenye orodha ya mahali pa kutafutia moduli, bila kuombwa. Likiitwa na programu nyingine, upendeleo huo haupo, na mwenye programu lazima aitaje folda kwa mdomo wake. Mwalimu wa hisabati, ulibadilisha vitu viwili kwa mpigo, Python na namna ya kuliita faili, kisha ukalinganisha majibu. Mwanafunzi wako akifanya hivyo unamfanya nini?

Na zile nakala ulizotawanya kila folda, zifute leo, zote. Msimu ujao utabadilisha kanuni kwenye moja, programu itasoma nyingine, na kokoa ya watu itapewa daraja la mwaka jana bila sentensi yoyote nyekundu. Kosa linalopiga kelele lina huruma kuliko kosa linalonyamaza.

Mzee naye ana lake, na kwa kuwa namheshimu silifichi. Ile sentensi, "Moduli daraja haikupatikana", siyo ya Python, Python haijui Kiswahili. Ni ya kwake. Ameiandika itokee kila wito wa moduli unaposhindikana, kwa sababu yoyote ile. Python ilipokataa ilikuwa na maelezo yake kamili, na programu ikayameza. Mimi niliwahi kupoteza siku tisa katika shimo hilo hilo, nikitafuta faili lililokuwa mbele ya macho yangu. Lilikuwa limepatikana tangu siku ya kwanza. Lililokosekana ni faili jingine, ambalo hilo la kwanza lilikuwa likiliita. Fundi mwenzangu wa wakati ule, Doreen, alikuja na chai yake, akatazama, akaniuliza, "Kaka, umeiuliza yenyewe, au unaongea peke yako?" Mstari mmoja unaoitwa PyErr_Print, ukawekwa mara tu wito unaposhindikana, unatoa maneno ya Python yenyewe. Yakitaja moduli yako ya daraja, tatizo ni njia. Yakitaja jina jingine, yako imeonekana na kilichokosekana ni hicho kingine. Aongeze na mwingine wa kuchapisha sys.path, hiyo orodha ya mahali pa kutafutia, muweke orodha ya laptop na ya ghala ubavu kwa ubavu. Tofauti mtaiona kwa macho, hata hayo anayosema yameisha.

Dawa yenyewe ni ndogo, na inanifurahisha kuliko ugonjwa. Njia nzima yenye majina matatu isiandikwe na yeyote, si wewe, si yeye. Programu ina uwezo wa kujua faili lake lenyewe limekaa wapi. Iulizwe ikiwaka, ichukue folda iliyomo, iongeze "kanuni", iiweke kwenye orodha. Basi. Folda ibadilishwe jina, kompyuta ibadilishwe, ghala lihamie Katumba Songwe, itafanya kazi. Waliosoma ufundi huu darasani huambiwa mwaka wa kwanza wasiandike jina la mtu ndani ya njia, nao huandika hivyo hivyo hadi siku kompyuta mpya inapokuja. Mkono wako ulikataa kwa sababu ya heshima, na mkono ulikuwa sahihi. Ulichokosea ni kile ulichoandika mahali pake.

Mimi hayo siyaiti mila kuzuia kompyuta.

Umeniuliza kama uvunje desturi ukakae sebuleni. La. Hakuna kinachohitaji hivyo, mmefanya kazi misimu miwili kwa karatasi na karatasi bado zipo. Umeniuliza kama uandike yote upya peke yako. La, tena la kwa sauti. Hujui kusoma mizani ile kupitia waya, yeye anajua, na ukimwondoa kwenye kazi yake kwa kisingizio cha kumwokoa utakuwa umekamilisha alichoanza Ambrose. Marekebisho yote mawili, la sentensi nyekundu na la njia, ni ya upande wake, kwenye C++. Mwandikie. Eleza nukta, eleza kwa nini uliiweka, naye ni Mnyakyusa, ataelewa kabla hajamaliza mstari. Mwombe hiyo mistari michache. Weka kwenye bahasha, mpe Hezroni, na Hezroni asiulizwe kueleza chochote. Mtu aliyefunika laptop yake anahitaji kuombwa kazi kuliko anavyohitaji kupewa pole.

Hiyo kampuni ya mjini, kabla ya kura mtu awaulize swali moja tu: kanuni zikibadilika msimu ujao, nani atazibadilisha, na mkulima atazisoma wapi? Jibu lao liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Sasa nifike kwenye lile dirisha la ghala, maana uliliruka haraka.

Umelihifadhi jina la mzee kwa uangalifu mkubwa, kisha ukasimama nje ukasikia mwenye jina akichekwa kwa kosa lako, ukanyamaza. Usiniambie desturi ilikuzuia. Desturi yenu inakuzuia kumwona usoni, kukaa naye, kumwita. Haijawahi kumzuia mkwe kusema, "Nimekosea mimi," kwa sauti, akiwa mlangoni, uso ameugeuzia pembeni. Bibi zako wa Ngana waliongea na wakwe zao kupitia ukuta maisha yao yote, na ukuta ulisikia mengi. Ulichokuwa nacho pale dirishani ni woga, na woga nausamehe kwa watu wote, ila sikubali uvae nguo za heshima. Wewe ni mtu bora kuliko dakika ile. Mtu mbaya asingeniandikia.

Kwa hiyo barua yako iende leo, siyo kesho. Yeye arekebishe, mjaribu siku ambayo hakuna kamati, wewe nje na yeye ndani, karatasi katikati. Kisha Jumamosi ya kura, nenda. Simama mlangoni kama inavyokupasa. Waambie wanachama, Ambrose akiwepo, kwamba ile sentensi nyekundu ilitokana na nukta uliyoiandika wewe, mwalimu wa hisabati, na kwamba mizani ya mzee ilisoma gunia la bibi Tulinagwe sawasawa tangu mara ya kwanza. Sema hayo kabla kompyuta haijawashwa. Ukingoja ikubali kwanza ndipo ukiri, watakupigia makofi, na mzee atakuwa bado anadai ukweli wake.